Nuru Ipitayo Vumbini

Swali ninalotaka kulitazama katika kurasa hizi ni la zamani, nalo ni hili: mtu asiyeweza kukiona kitu ila kwa kupitia kitu kingine ana haki gani ya kukitolea hukumu? Aghalabu swali hili hujadiliwa kwa mifano ya baraza na mahakama, ya shahidi na msikilizaji wake. Mimi nataka kulianza mbali zaidi, katika anga lililo baina ya nyota, kwa sababu huko liliwapata watu wasio na chuki wala upendeleo juu ya kile walichokitazama. Nao wakakosea kwa karibu miaka mia na hamsini, kisha wakapata njia ya kujisahihisha. Kosa lisilotiwa chuki ni rahisi kuchunguzwa kuliko kosa la mwenye chuki, kama vile jeraha safi lilivyo rahisi kutazamwa kuliko lililooza.

Kitai, kijiji cha Wilaya ya Mbinga kilicho kando ya barabara ya kutoka Songea, mahali inapoachana njia ya kuteremkia Lituhi kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kiko baina ya nyuzi 10 na 11 kusini ya ikweta. Kwa mpenzi wa falaki hapo ni mahali pa bahati. Katika usiku wa Julai na Agosti, mwezi usipokuwapo, sehemu nene kuliko zote za Njia Nyeupe, ile ipitayo katika Akarabu na Kausi, huwa karibu na utosi wa mtazamaji. Watu wa Ulaya ya kaskazini huiona imelala chini upeoni, au hawaioni kabisa. Anayeitazama kwa makini huona kwamba si mto wa maziwa usio na doa. Katikati yake pana mwanya mrefu mweusi wenye matawi, kana kwamba mto umegawanyika ili uzunguke kisiwa. Na upande wa kusini, ubavuni mwa Salibu, miezi ya Mei na Juni laonekana doa jeusi ambalo Wazungu waliliita Gunia la Makaa. Jina hilo lingeeleweka upesi Kitai, ambako malori yachukuayo makaa ya mawe ya Ngaka yamepita kwa miaka mingi.

Doa hilo ni nini? Jibu la kwanza, nalo ndilo jibu la macho, ni kwamba hapo hapana nyota. William Herschel, aliyezichunguza mbingu kutoka Uingereza kwa darubini alizozitengeneza mwenyewe, alipolifikia doa la namna hiyo katika Akarabu alishangaa, na dada yake Caroline, aliyekuwa msaidizi wake, alisimulia baadaye kwamba alilitaja kuwa ni tundu katika mbingu. Edward Emerson Barnard wa Marekani, aliyezaliwa katika umaskini huko Nashville mwaka 1857 akawa mmoja wa wapiga picha hodari wa anga, alikusanya picha za madoa kama hayo kwa miaka mingi, na orodha yake ya mwaka 1919 ina madoa 182. Yeye alisitasita muda mrefu: ni matundu, au ni mawingu ya giza yaliyosimama mbele ya nyota? Nakupenda kusita kwake. Aliyekuwa ameona mengi hakufanya haraka kusema alichokiona ni nini.

Tundu na pazia huonekana sawasawa. Lakini asemaye tundu asema kwamba huko hapana kitu, na asemaye pazia asema kwamba yumkini kipo, ila sisi hatukioni. Baina ya kauli hizo mbili pana mwendo mrefu, na si katika falaki peke yake. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia katika Oxford, alieleza katika mihadhara yake kwamba Afrika kabla ya Wazungu haikuwa na historia ya kufundishwa, ila giza, na kwamba giza si somo la mwanahistoria. Alikuwa mtu mwenye elimu nyingi. Alitazama mahali ambapo nuru haikumfikia akaandika tundu.

Pazia la anga ni vumbi. Si vumbi la njia ya Lituhi wakati wa kiangazi. Punje zake ni ndogo mno, nyingi hazifikii sehemu moja ya elfu ya milimita, nazo zimetawanyika katika nafasi kubwa kupita kiasi. Katika maada yote iliyo baina ya nyota, vumbi ni kiasi cha sehemu moja tu katika mia kwa uzito. Iliyobaki ni gesi, hasa haidrojeni na heli. Punje zenyewe ni za namna ya mawe, na nyingine ni za kaboni, ndugu wa masizi; na penye baridi kali huvikwa ngozi ya barafu. Asili yake ni nyota: nyota kuukuu inapovimba na kuzipumua nje tabaka zake, gesi ile hupoa, na sehemu yake hugandamana kuwa punje, kama moshi wa jikoni unavyogandamana kuwa masizi chini ya paa.

Kazi yake juu ya nuru yafahamika vizuri kwenye mwambao wa Nyasa. Upande wetu wa ziwa ni wa mashariki, kwa hiyo watu wa Liuli na Mbamba Bay huliona jua likitua majini, kuelekea milima ya Malawi. Ifikapo Septemba na Oktoba, nyasi na mashamba yakichomwa kabla ya mvua, moshi hutanda juu ya maji na jua hushuka jekundu kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Jua lenyewe halikupungua, wala rangi yake haikubadilika. Nuru yake ni mchanganyiko wa rangi, na kila rangi ni wimbi lenye urefu wake. La buluu ni fupi, la nyekundu ni refu. Punje ndogo, zenye kimo kinachokaribia kimo cha mawimbi yenyewe, huyanyakua na kuyatupa kando mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu. Hewa tupu hufanya hivyo kila jioni, na moshi huizidisha kazi hiyo. Buluu hupotea njiani na nyekundu hufika. Vumbi la anga nalo huitendea nuru ya nyota mambo mawili kwa mkupuo mmoja: huipunguza, na katika kuipunguza huiacha ikiwa nyekundu kuliko ilivyotoka.

Kupunguza huko si kudogo. Kutoka kwetu hadi kitovu cha galaksi ni kiasi cha miaka ya nuru 26,000, yaani mwendo ambao nuru huutembea kwa muda wa miaka hiyo. Katika kila chembe milioni milioni za nuru ya kuonekana kwa macho zinazotoka huko kuja upande wetu, hufika kama moja. Zilizobaki humezwa au hutawanywa njiani. Kwa hiyo moyo wa galaksi yetu, wenye nyota zilizosongamana kuliko mahali pengine popote ndani yake, hauonekani kwa macho wala kwa darubini ya kawaida, hata angani mwa Kitai unapopita karibu na utosi.

Sasa natazama kosa lenyewe. Mwaka 1785 Herschel alitoa matokeo ya kazi kubwa ya kuzihesabu nyota. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: elekeza darubini, hesabu nyota zionekanazo, palipo na nyingi, mkusanyiko wao waenda mbali, palipo na chache, mwisho wake u karibu. Alipomaliza kuhesabu akachora umbo la mkusanyiko, na jua likatokea karibu na katikati. Zaidi ya karne moja baadaye Jacobus Kapteyn wa Groningen, Uholanzi, akisaidiwa na vituo vya falaki vya nchi nyingi, aliifanya kazi ile upya kwa picha na hesabu zilizo bora mno. Mwaka 1922, mwaka aliofariki, akatoa sura yake ya mwisho. Jua lilikuwa tena karibu na katikati. Kapteyn hakuwa mzembe. Alilifikiria jambo la nuru kufifia njiani, kama Wilhelm Struve alivyolifikiria mwaka 1847. Alitafuta dalili zake, na dalili alizozipata zikamfanya aamini kwamba athari yake ni ndogo.

Kwa nini wawili hawa, kila mmoja kwa zama zake, walijikuta katikati? Ziwa Nyasa lina kisa cha kutufafanulia. David Livingstone alipolizuru ziwa hilo mwaka 1861, yeye na wenzake waliona mbele yao mawingu kama ya moshi wa nyasi ziunguazo, wakadhani kwamba nchi ya ng'ambo ambayo hawakuiona inawakaribia na kwamba wamefika karibu na mwisho wa ziwa. Kesho yake chombo chao kikapita ndani ya wingu mojawapo. Wakakuta si moshi wala ukungu, bali wadudu wadogo wasiohesabika ambao wenyeji waliwaita kwa jina lenye maana ya ukungu, jina ambalo hadi leo hutamkwa kungu. Ziwa lilikuwa bado refu mbele yao. Pazia walilolichukua kuwa ni dalili ya nchi lilikuwa limelifupisha ziwa machoni mwao.

Hebu mchukue mvuvi aliye ndani ya mtumbwi asubuhi ya ukungu mzito. Huona maji pande zote kwa umbali ulio sawa, na popote apigapo kasia yumo katikati ya duara, kwa maana duara humfuata. Kapteyn naye aliupima ukungu wake akadhani amelipima ziwa. Nyota za mbali zilikuwa zimefichwa pande zote kwa kadiri iliyokaribiana, basi mwisho wa kuona kwake ukageuka kuwa mwisho wa mkusanyiko, na hapana budi mwisho wa kuona kwa mtu uwe umemzunguka yeye.

Naliona jambo hili kuwa kubwa, nami sikulikuta katika vitabu vya maadili nilivyovisoma. Tumefundishwa kwamba mtu hujiweka katikati ya ulimwengu kwa kiburi, na kwamba dawa yake ni unyenyekevu. Yaelekea si lazima awe na kiburi. Yatosha kusahau ukungu. Mtu mnyenyekevu kupita wote, akihesabu kwa uaminifu kila kitu akionacho bila ya kuuhesabu ukungu, atajikuta katikati, na ataapa kwamba hesabu ndiyo iliyomweka hapo. Ndivyo lilivyo kabila linalojiona kipimo cha makabila mengine, na ndivyo alivyo msomi ambaye maktaba yake ina vitabu vya lugha mbili akasema juu ya mawazo ya binadamu wote. Kumwambia apunguze majivuno ni kazi bure, hana majivuno. Ahitaji kuonyeshwa kwamba nuru hufifia njiani, na kwa kadiri gani.

Harlow Shapley ndiye aliyeanza kutoka ndani ya duara, kwa kuyachunguza makundi ya nyota ya mviringo, ambayo mengi yako juu na chini ya tabaka la vumbi. Mwaka 1918 akaonyesha kwamba kitovu cha makundi hayo ki mbali nasi, upande wa Kausi. Juu ya mahali petu alikuwa na haki. Juu ya ukubwa wa galaksi alikosea, kwani yeye naye hakulitia vumbi hesabuni, na galaksi yake ikawa kubwa mara kadhaa kupita ilivyo. Nataja kosa hilo kwa sababu laonyesha kwamba kuponyoka kosa moja la pazia hakumponyoshi mtu na jingine la pazia lile lile.

Aliyeimaliza kesi ni Robert Trumpler, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi katika kituo cha falaki cha Lick, California. Mwaka 1930 alitoa habari za makundi 100 ya nyota ya namna ya Kilimia. Umbali wao aliupima kwa njia mbili: kwanza kwa mng'ao wa nyota zilizomo, kisha kwa upana wa kundi lionekanavyo angani, kwani kundi lililo mbali huonekana jembamba kama nyumba iliyo mbali ionekanavyo ndogo. Njia mbili hizo zingepatana kama nuru isingepungua njiani. Hazikupatana. Kwa hesabu ya mng'ao, kadiri kundi lilivyokuwa mbali nasi ndivyo lilivyotokea kuwa kubwa kweli kweli, na hivyo pande zote. Ama makundi ya nyota hukua kwa heshima ya dunia yetu kadiri yanavyokuwa mbali nayo, ama nuru yao yafifishwa na kitu kilichomo njiani. Trumpler alichagua la pili. Vumbi hufifisha mng'ao lakini halibadili upana, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo iliyokuwa kipimo cha vumbi.

Mahakimu wetu wa vijijini walilijua hilo kabla ya Trumpler. Mashahidi wawili waliosikia habari kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Faida ya shahidi wa pili ni kwamba njia iliyomfikisha kwenye habari ni nyingine. Akija kwa njia ile ile, hata wakiwa mia, wameongeza sauti tu. Ajabu ni kwamba tunapopata vipimo viwili visivyopatana twahuzunika, tukaharakisha kumwita mmoja mwongo, kumbe kutopatana kwao ndiyo mali tuliyopewa.

Hapa yafaa kutenga namna mbili za pazia, maana nadhani uzito wa jambo zima umo humu. Moshi wa Nyasa huibadili rangi ya jua. Ukungu wa asubuhi katika milima ya Umatengo, uteremkao juu ya mikahawa na mashimo ya ngolo, haubadili rangi: matone yake ni makubwa kupita mawimbi ya nuru, kwa hiyo huyazuia yote karibu sawasawa. Taa ya nyumba ionekanayo kupitia moshi ni nyekundu, nawe wajua kuna moshi. Taa ionekanayo kupitia ukungu usiku ni ile ile ya manjano, ila hafifu. Nawe huwezi kujua kama ni taa ndogo iliyo karibu, au kubwa iliyo mbali, au kubwa iliyo karibu ndani ya ukungu.

Vumbi la anga, kwa bahati, ni la namna ya moshi. Hukiri. Nuru ya nyota ikipitishwa katika mche wa kioo hutandazwa kuwa ukanda wa rangi, na ndani ya ukanda huo mna mistari myembamba ya giza iliyoandikwa na elementi zilizo katika anga la nyota yenyewe. Vumbi huipunguza buluu ya ukanda, lakini haliiondoi mistari ile mahali pake. Mtaalamu asomapo mistari hujua kwamba nyota hii ni ya moto mkali, na kwamba ilipasa kuwa ya buluu. Aionapo ni ya manjano, tofauti baina ya ilivyopasa na ilivyo ndiyo kazi ya vumbi. Tena imeonekana kwamba, katika sehemu nyingi za galaksi, kwa kila kipimo kimoja cha wekundu ulioongezeka pana kiasi cha vipimo vitatu vya nuru iliyopotea. Basi kutokana na rangi twajua hasara. Lakini kama vumbi lingekuwa la punje kubwa, la kijivu, lisilobadili rangi, wekundu usingemwambia mtu neno, na ni njia ya vipimo viwili tu, kama ile ya Trumpler, ambayo ingelifichua.

Katika habari za wanadamu pia kuna maneno yenye moshi na maneno yenye ukungu. Tarehe 27 Februari 1906, katika kuvizima Vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi na wapiganaji wengi wa Kingoni, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Kwa muda mrefu mwenye kutaka kuijua vita hiyo alitegemea zaidi maandishi ya maofisa na wamisheni. Maandishi ya namna hiyo yana wekundu wake: mpiganaji aitwa mwasi, dawa yaitwa upumbavu, shauri la wazee laitwa njama. Sioni kwamba wekundu huo ndio hatari kubwa. Msomaji mwangalifu huutambua kwa neno la kwanza, akaupunguza kama mtaalamu aupunguzavyo wekundu wa nyota. Hatari ni yale yaliyopungua bila ya kubadilika rangi: majina yasiyoulizwa, wanawake wasiohesabiwa, watu waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, ambao hapana ofisa aliyewachukia kiasi cha kuwaandika vibaya. Hawakuandikwa tu. Hakuna rangi katika karatasi tupu.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda katika vijiji vya nchi zilizopigana, Ungoni pia, kukusanya masimulizi ya wazee. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa miongoni mwa walioifungua njia hiyo ya uchunguzi. Masimulizi nayo yalikuwa yamepita vumbini. Miaka sitini ilikuwa imepita, na nchi ilikuwa na uhuru mchanga uliopenda kujiona katika vita ile. Asemaye kwamba neno la mzee ni safi kwa kuwa ni la mwenyeji hajanifahamu. Thamani yake ni kwamba vumbi lake ni lingine. Liweke kando ya ripoti ya ofisa, na pasipopatana chimba hapo.

Atatokea mtu wa kunipinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema: nyota zina aina, na mistari yake hukuambia ni ya aina gani, kwa hiyo wajua rangi iliyopasa kuwa nayo. Mwanadamu hana aina. Hapana orodha inayosema mtu huyu asili yake ilipasa kuwa ya buluu. Utaupimaje wekundu wa mtu usiyeijua rangi yake?

Kitai pana gereza la kilimo. Kila mfungwa aliyemo humo amefika kwa nuru iliyopita katika wengi: jirani aliyeona, polisi aliyeandika, shahidi aliyekumbuka, wakili aliyesema au wakili asiyekuwapo, hakimu aliyesikiliza. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataka kwamba ushahidi wa mdomo utolewe na yule aliyeona au aliyesikia mwenyewe, nayo ni sheria njema, kwa maana yapunguza tabaka za vumbi. Haiziondoi zote, na haikudai hivyo. Katika hukumu za namna hii pingamizi lile lingekuwa na nguvu yake yote, kama wanafalaki wasingekuwa na njia nyingine tena. Wanayo. Wakitaka kujua unene wa vumbi katika upande fulani wa anga, hawaitazami nyota moja. Huzitazama nyingi zilizo upande ule. Ikiwa kila nyota ionekanayo kupitia pembe ile ni nyekundu kuliko ipasavyo, vumbi limo katika pembe, si katika nyota.

Nasi twaweza kufanya hivyo bila ya kuijua rangi ya asili ya mtu hata mmoja. Tukikuta kwamba mbele ya baraza fulani maskini karibu wote huonekana hafifu, au kwamba katika maandishi ya mwandishi fulani watu wa bondeni wote ni wavivu na wa mlimani wote ni wakali, hatuhitaji kumjua kila maskini wala kila mtu wa bondeni ili tushuku njia. Hii haitoi jibu kwa mtu mmoja mmoja. Baada ya kuupunguza wekundu wa njia hubaki kisichojulikana, na hakimu atatoa hukumu juu yake vivyo hivyo, kwa kuwa asipoitoa naye ametoa. Sina dawa ya hilo.

Lakini kuna tofauti moja ambayo mfano wa nyota unaidhihirisha kwa kukosekana kwake. Machi 2014 wataalamu waliokuwa na darubini katika Ncha ya Kusini ya dunia walitangaza kwamba wameona alama za mwanzo kabisa wa ulimwengu. Mwaka uliofuata, vipimo vyao vilipowekwa pamoja na vya chombo cha angani kiitwacho Planck, ikaonekana kwamba alama hizo zaweza kuelezwa na mng'ao wa vumbi la galaksi yetu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2019 Ibuti la Jauza, nyota nyekundu ya begani mwa Jabari ambayo Wazungu huiita Betelgeuse, ilianza kufifia, na kufika Februari 2020 mng'ao wake ulikuwa umepungua zaidi ya nusu. Wengine wakasema yafa, i karibu kupasuka. Haikupasuka, uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba sehemu ya uso wake ilipoa na wingu la vumbi, lililotokana nayo yenyewe, likasimama mbele yake. Katika visa vyote viwili walioharakisha walisahihishwa, na hapana aliyeumia ila heshima ya watu wachache kwa muda mfupi. Nyota hukosewa, ikangoja. Kapteyn alikosea juu ya galaksi nzima bila ya kumdhuru mtu. Mahakama ya kijeshi ya Songea haikuacha nafasi ya mwaka 1930 wake. Kwangu hii ndiyo tofauti inayopasa kupima uzito wa hukumu: si ukubwa wa hakika aliyonayo hakimu, maana Kapteyn alikuwa na hakika, bali kama anayehukumiwa atakuwapo siku pazia litakapopimwa.

Nisieleweke kuwa nalilaumu vumbi. Kilimia, ambacho wakulima wa nchi zetu wamekitazama kwa ajili ya majira ya kupanda, kimezungukwa na utando wa buluu unaoonekana katika picha. Mwaka 1912 Vesto Slipher alionyesha kwamba utando huo ni nuru ya nyota zenyewe iliyorudishwa na vumbi. Buluu iliyonyang'anywa wengine huonekana hapo. Na dunia hii, mawe ya Kitai na udongo wake mwekundu, ilijengwa kwa punje za namna ile ile. Pazia ni kitu halisi kama nyota ilivyo halisi, nalo lina elimu yake.

Wala si kila wimbi huzuiwa sawa. Nuru iliyo ng'ambo ya wekundu, isiyoonekana kwa macho, ina mawimbi marefu, na kutoka kitovu cha galaksi katika kila chembe kumi za nuru hiyo hufika kama moja, mahali ambapo za kawaida hufika moja katika milioni milioni. Kwa nuru hiyo Reinhard Genzel na Andrea Ghez, kila mmoja na kundi lake, walizifuata kwa miaka nyota zinazozunguka kitovu, wakaonyesha kwamba hapo pana kitu kisichoonekana chenye uzito wa majua kiasi cha milioni 4, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mahali palipoitwa giza pamepata historia.

Katika mambo yetu nayo, wimbi jingine limeanza kupita. Mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki yalichukuliwa wakati wa utawala wa Wajerumani yakahifadhiwa Berlin, na maandishi yaliyofuatana nayo ni machache. Septemba 2023 ilitangazwa huko kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu hayo vimelingana na vya familia zilizo hai upande wa Kilimanjaro. Kichwa cha Songea Mbano nacho husimuliwa na kizazi chake kwamba kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha mbele ya wajukuu na vitukuu, akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta.